Jinsi ya Kupata Turbo ya Mtumba Inayoingia Kwenye Gari Lako: Mwongozo Kamili

Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja: ya upande wa moto huzungushwa na moshi wa eksozi, ya upande wa baridi husukuma hewa kwenye injini. Watu wengi wanaonunua turbo ya mtumba hununua mara mbili. Ya kwanza haiingii, au inaingia lakini gari halivuti, au linavuta wiki chache kisha moshi wa bluu unarudi palepale. Ukifuatilia utakuta sababu ni mbili. Turbo ilichaguliwa kwa jina la gari badala ya namba iliyo kwenye turbo yenyewe, na kilichoiua turbo ya kwanza hakikutafutwa.

Mifano mingi hapa ni ya Toyota za dizeli (Hilux, Hiace, Prado na Surf) kwa sababu ndizo zilizojaa kwenye barabara na gereji zetu. Hatua ni zilezile kwa Pajero, Nissan, Isuzu au Subaru.

Soma hadi mwisho kabla hujatoa pesa. Hatua mbili za kwanza hazihusu kununua kitu, na ndizo zinazorukwa zaidi.

## Vitu vya kuandaa

- Namba ya chasisi na namba ya injini, zilizosomwa kwenye gari lenyewe na si kwenye kadi peke yake.
- Turbo yako ya zamani, ikiwa imefunguliwa. Kama haiwezekani, picha zake kutoka pande zote.
- Kalipa ya kupimia milimita. Rula ya shule haitoshi.
- Tochi ndogo yenye mwanga mkali, kitambaa cheupe na brashi ya waya.
- Gasketi mpya zote za turbo na washa (pete) mpya za shaba za mabomba ya oili.
- Oili mpya ya daraja linalotakiwa na injini yako, na filta yake.
- Filta mpya ya hewa.
- Spana ya kupimia nguvu ya kukaza, hata kama ni ya kuazima.

Gasketi, washa, oili na filta viwe kwenye hesabu yako tangu mwanzo. Pesa ikiishia kwenye turbo, utashawishika kurudisha gasketi ya zamani na kubaki na oili chafu, na hapo utakuwa umeiharibu turbo nzuri kwa mikono yako.

## Hatua ya 1: Thibitisha kwamba turbo ndiyo mbovu

Gari kukosa nguvu si ushahidi kwamba turbo imekufa. Filta ya hewa iliyojaa vumbi, paipu ya hewa iliyopasuka, vakyumu inayovuja, EGR (vali inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) iliyoganda masizi, masega ya eksozi (kifaa cha kusafisha moshi) yaliyoziba: kila kimoja kati ya hivi kinaweza kuleta dalili zilezile. Anza na vya bei rahisi.

Kagua paipu zote kuanzia boksi la filta hadi turbo, kutoka turbo hadi kwenye intakula (kipoza hewa), na kutoka hapo hadi injini. Tafuta sehemu yenye oili nyeusi iliyoganda vumbi kwenye maungio, kwa maana hapo hewa inavuja. Paipu ya mpira huweza kuonekana nzima gari likiwa limesimama, kisha ikafunguka mpasuko pale tu presha inapopanda. Ikunje kwa mkono na uangalie upande wa chini.

Kama gari lina soketi ya kusomea kompyuta, soma kodi za hitilafu. P0299 inasema presha ya turbo iko chini, P0234 inasema imezidi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosema turbo ndiyo yenye kosa. Zinasema presha haiko sawa, basi.

Injini ikishapoa kabisa, toa paipu ya hewa inayoingia kwenye turbo na umulike ndani. Angalia kama mapanga ya feni yameliwa, yamepinda au yamekatika. Angalia kama ukuta wa kasha umekwaruzwa mduara mzima. Utando mwepesi wa oili ndani ya paipu ni jambo la kawaida, hutoka kwenye pumzi za injini. Oili iliyotuama chini ya paipu si ya kawaida.

Umefaulu ikiwa: unaweza kutaja ubovu kwa sentensi moja. "Feni inagusa kasha." "Mapanga yamekatika." "Oili inapita upande wa moto na kutoka kwenye eksozi." Kama huwezi, bado hujafika wakati wa kununua.

## Hatua ya 2: Tafuta kilichoiua

Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Katika turbo nyingi za magari haya haishikiliwi na beringi za gololi. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikichelewa, ikipungua au ikiwa na uchafu, utando huo unavunjika na chuma kinasaga chuma. Kwa hiyo turbo ikifa, shaka la kwanza liwe kwenye oili, na turbo utakayoifunga itapewa oili ileile kupitia bomba lilelile.

Wenye injini za KD, yaani 1KD ya lita 3.0 na 2KD ya lita 2.5, wana sababu ya kuwa makini kuliko wote. Washa za shaba zilizo chini ya nozeli (zinazopuliza mafuta kwenye injini) zikivuja, moshi wa mwako huingia kwenye oili na kuigeuza kuwa tope jeusi. Tope hilo linaziba chujio la pampu ya oili lililo ndani ya sampu (karai la oili chini ya injini). Injini inaanza kufa njaa ya oili, na turbo kwa kawaida ndiyo inayotoa taarifa mapema. Mwenye gari anabadilisha turbo, gari linawaka, anafurahi. Chujio bado limeziba. Baada ya muda mfupi turbo ya pili inakufa, na safari hii huenda ikaondoka na injini.

Kwa KD, shusha sampu. Usikubali kuambiwa "tutaangalia baadaye". Chujio likiwa na punje ngumu nyeusi zilizoshika kwenye wavu wake, lisafishe au libadilishe, kisha fungua nozeli na uweke washa mpya. Kazi hiyo ni chafu na inachukua muda, lakini gharama yake haifiki hata karibu na bei ya injini.

Kwa gari lolote lile, kagua pia haya:

- Bomba la kuleta oili. Lifungue pande zote mbili. Joto huigeuza oili kuwa mkaa ndani ya bomba na kulipunguza tundu. Bomba lililoingia mkaa libadilishwe. Kulichokoa kwa waya kunaacha vipande vitakavyoingia kwenye turbo. Baadhi ya Subaru zina chujio dogo sana ndani ya bolti ya bomba hili. Likiziba, turbo inakauka huku injini ikiendelea kupata oili kama kawaida.
- Bomba la kurudisha oili. Oili hurudi kwenye sampu kwa kushuka yenyewe, haisukumwi. Bomba lililobonyea au kuziba huirudisha oili juu, ikapita kwenye sili za turbo na kutoka na moshi. Turbo nyingi zinazoshutumiwa kula oili zilikuwa nzima, ubovu ulikuwa kwenye bomba hili.
- Njia ya hewa. Feni ya upande wa baridi ikiwa imeliwa kama iliyopigwa msasa, filta ilikuwa mbovu au boksi lake halifungi. Mapanga yakiwa yamekatika, vipande vimekwenda mbele. Fungua intakula, imwage na uioshe, la sivyo vitaingia kwenye injini.
- Masega ya eksozi. Yakiziba, moshi unazuiwa kutoka, joto linapanda, na upande wa moto wa turbo unaungua.

Umefaulu ikiwa: una chanzo mkononi, na kimeshatengenezwa. "Ilikuwa imechoka tu" si jibu la kuridhika nalo mpaka orodha hii yote iwe imekaguliwa.

## Hatua ya 3: Jua gari lako ni lipi hasa

Gari lililoingia kutoka Japani kwa kawaida lina namba fupi ya chasisi inayoanza na kodi ya modeli, kwa mfano KZJ95, KDN215 au KDH201. Herufi za mwanzo zinataja familia ya injini. KZJ95 ni Prado ya 1KZ. KDN215 ni Surf ya 1KD. Kwenye Hiace, KDH200 ni ya 2KD na KDH201 ni ya 1KD. Kwenye Hilux, KUN25 ni ya 2KD na KUN26 ni ya 1KD. Ona jinsi tarakimu moja ya mwisho inavyobadilisha injini nzima, na kwa hiyo turbo nzima.

Unapoingia kwenye katalogi ya vipuri mtandaoni, tumia ya soko la Japani kwa gari lenye namba ya aina hii. Katalogi ya Ulaya inataka namba yenye herufi na tarakimu 17 na itakupa majibu ya gari jingine.

Halafu inama usome namba ya injini kwenye bloku. Magari mengi ya kwetu yamebadilishiwa injini, na kadi mara nyingine haijarekebishwa. Turbo hufuata injini iliyomo leo, si iliyoandikwa kwenye kadi.

Umefaulu ikiwa: kodi ya chasisi na injini iliyomo vinakubaliana, au unajua kwa nini havikubaliani.

## Hatua ya 4: Soma namba ya turbo

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Safisha turbo ya zamani kwa brashi ya waya, taratibu, na utafute kibao kidogo cha bati kilichopigiliwa kwenye kasha la upande wa baridi, au namba iliyogongwa kwenye chuma chake. Ipige picha ukiwa umeiweka tochi ubavuni, si mbele. Mwanga wa pembeni huonyesha namba iliyofifia.

Kwa Toyota, namba ya turbo huanza na 17201. Sehemu hiyo inasema tu kwamba kifaa hiki ni turbo. Tano zinazofuata ndizo zinazoamua. Zikianza na 67, kama 17201-67040, ni familia ya 1KZ. Zikianza na 54, kama 17201-54060, ni 2L-T. Zikianza na 30 ni familia ya KD. Zipo pia zinazoanza na 0L kwenye Hilux, kama 17201-0L030 ya 2KD.

Sasa linganisha 17201-30110 na 17201-30120. Zinatofautiana kwa tarakimu moja. Ya kwanza ni ya 1KD: ndani ya upande wa moto ina vibawa vinavyofunguka na kufunga kuongoza moshi, na inaendeshwa na mota ya umeme inayopokea amri ya kompyuta. Ya pili ni ya 2KD na haina vibawa hivyo. Ukimwambia muuzaji "nataka ya Hilux D-4D" anaweza kukupa yoyote kati ya hizo mbili bila kukudanganya, kwa sababu zote mbili ni za Hilux D-4D.

Watengenezaji wengine wana mitindo yao:

- Nissan na Subaru huanza na 14411.
- Turbo za Mitsubishi huanza na 49, kwa mfano 49135 kwa Pajero za 4M40.
- Garrett huandika tarakimu sita, mstari, kisha nyingine nne. Sita za mwanzo zikitofautiana, achana nayo.
- IHI hutumia kodi fupi ya herufi na tarakimu, kwa mfano VJ26 ya Mazda na Ford Ranger za injini ya WL.

Tahadhari: namba kubwa zilizochomoza kwenye chuma cha kasha ni namba za kiwandani za kasha hilo tu. Kasha moja linaweza kutumika kwenye turbo tano tofauti. Vivyo hivyo jina kama CT16 au RHF5 linataja ukubwa na familia. Turbo mbili zilizoandikwa CT16 zinaweza kuwa na matundu tofauti, moja ikipozwa na maji na nyingine kwa oili peke yake.

Kiwanda hubadilisha namba mara kwa mara, ya zamani ikafutwa na mpya kuchukua nafasi yake. Tumia chasisi yako kwenye katalogi, au mwombe mtu wa kaunta ya vipuri kwa wakala, akutajie namba zote zinazopokezana. Ziandike. Orodha ya namba mbili au tatu zinazokubalika inakupa nafasi kubwa ya kupata kuliko namba moja.

Umefaulu ikiwa: una namba kamili iliyoandikwa kwenye karatasi, pamoja na zile zinazoweza kuibadili, na picha ya kibao.

## Hatua ya 5: Linganisha umbo na vipimo

Namba zikifanana, kazi imekuwa nyepesi, lakini bado linganisha. Mitumba hupitia mikono mingi, na turbo huweza kuwa imeungwa kutoka kwenye mbili. Namba zisipofanana, hatua hii haikwepeki.

Ziweke mbili kando kwa kando, zikiwa zimelala upande mmoja, kisha pima.

Uso unaokutana na manifoldi (bomba linalokusanya moshi wa injini). Idadi ya matundu ya bolti, umbali kati yake, umbo la tundu la moshi. Weka gasketi mpya juu ya turbo ya mtumba. Inapaswa kukaa bila kulazimishwa na bila kuacha ukingo wa chuma umeingia ndani ya njia. Wenye Subaru zingatieni hili zaidi. Legacy GT za Japani za BP5 zilikuja na turbo yenye njia mbili za moshi zilizotenganishwa na ukuta, wakati Forester za SG5 zina turbo ya njia moja. Manifoldi zake haziingiliani, ingawa zote ni Subaru za lita 2.0 na zote zinatoka Japani.

Uso wa kutokea moshi. Pima kama ulivyopima wa kwanza. Hapa fundi wa kuchomelea anaweza kusaidia, lakini bomba lililochomelewa vibaya litavutika na kupasuka kwa joto.

Tundu la kuingiza oili. Upana wa uzi wa bolti na nafasi yake. Bolti inayoingia mizunguko miwili na kugoma ina uzi tofauti. Usiilazimishe.

Tundu la kutolea oili. Baada ya turbo kufungwa mahali pake, tundu hili litazame chini, karibu wima. Likiegemea sana, oili haitashuka.

Matundu ya maji. Yenye maji mahali pa isiyo na maji inahitaji mabomba. Isiyo na maji mahali pa yenye maji usiifunge, kwa kuwa kiini (sehemu ya kati yenye shafti na beringi) kitapikwa kila unapozima injini yenye moto.

Midomo ya hewa. Kipenyo cha kuingilia na cha kutokea, na upande inakotazama. Injini ya Hiace imelala chini ya viti na ya Hilux imesimama mbele, kwa hiyo mabomba hayapiti njia moja hata pale jina la injini ni lilelile.

Feni ya upande wa baridi. Pima kipenyo cha mdomo wa feni na uhesabu mapanga. Vikitofautiana, turbo hiyo itasukuma kiasi tofauti cha hewa hata kama bolti zote zimeingia. Moshi mweusi na kodi za presha ndio mwisho wake.

Aktueta (kifaa kinachodhibiti presha ya turbo). Ya presha, ya vakyumu au ya umeme? Soketi ina pini ngapi? Turbo ya vakyumu kwenye gari lenye kompyuta inayotarajia mota ya umeme haitafanya kazi, hata fundi awe hodari vipi.

Utasikia dukani kwamba "kasha linazungushwa tu, inakaa". Kwa baadhi ya turbo ni kweli: ukilegeza bolti, kasha la upande wa baridi linageuka. Lakini mara nyingi aktueta imeshikwa na kasha hilohilo, na ukilizungusha, fimbo yake inavutika au kulegea na presha inaharibika. Mimi nakubali kuzungusha pale tu namba zinaonyesha kiini na feni ni zilezile, na aktueta haiguswi.

Umefaulu ikiwa: kila kipimo kimekubali, au tofauti iliyobaki ni ya paipu ya mpira peke yake.

## Hatua ya 6: Kagua uzima wake dukani

Dar es Salaam wengi huanzia Ilala na Gerezani, Kariakoo. Nairobi ni barabara ya Kirinyaga, wenyewe huita Grogan. Kampala ni Kisekka. Sehemu kubwa ya mzigo hutoka Japani, na mwingine hupitia Sharjah. Popote ulipo, omba kukagua mchana, nje ya duka, na usikubali kuharakishwa.

Anza na shafti. Ishike ncha yake upande wa baridi kwa kidole gumba na cha shahada. Ivute kuja kwako, isukume kurudi ndani. Usisikie kitu. Mchezo wa mbele na nyuma unaohisika kwa kidole maana yake ni kwamba beringi ya kuzuia msukumo imekwisha, na turbo hiyo ni chuma chakavu. Sasa itikise juu na chini, kushoto na kulia. Hapa mchezo mdogo ni wa kawaida, kwa sababu nafasi hiyo ndiyo inayojazwa na oili. Turbo kavu itatikisika zaidi ya yenye oili. Kisichokubalika ni panga la feni kugusa ukuta wa kasha. Isukume shafti upande mmoja na kuizungusha hivyohivyo, kisha upande mwingine. Ukisikia mkwaruzo wowote, iache.

Watu wengi huikataa turbo nzuri kwa sababu inatikisika kidogo kwa pembeni, kisha wanaichukua mbovu kwa sababu imekaza. Iliyokaza mara nyingi imejaa mkaa.

Mulika mapanga ya pande zote mbili, moja moja. Ncha ziwe kali na sawa. Panga moja lililopinda linatosha kuvuruga mzani wa shafti kwa kasi ile. Ukiona mtu amelinyoosha kwa plaizi, rudisha mezani.

Ingiza kitambaa cheupe kwenye tundu la kutolea oili. Oili nyeusi ni sawa. Mkaa mgumu unaokwaruza kitambaa ni habari mbaya. Turbo iliyooshwa kwa dizeli ikang'aa nje na ndani inakunyima ushahidi huu, kwa hiyo mimi huichagua yenye vumbi lake na oili yake kuliko iliyopambwa. Kibao kipya kinachong'aa juu ya kasha lililozeeka nacho ni cha kutilia shaka.

Upande wa moto, nyufa nyembamba ndani karibu na mlango wa kupunguzia presha huonekana kwenye turbo nyingi zilizotumika na hazizuii kazi. Ufa uliofika kwenye uso wa gasketi au uliotokea nje ya kasha, hapana.

Kwa zenye vibawa, sogeza mkono wa aktueta kutoka mwanzo hadi mwisho. Uende laini bila kukwama. Skrubu ndogo inayozuia mkono huo mwishoni mwa mwendo hupimwa kiwandani kwa mashine ya hewa. Ikiwa na alama za spana au rangi yake imevunjika, mtu ameichezea, na hakuna fundi wa gereji anayeweza kuirudisha kwa kukisia. Hakikisha pia mota ya umeme inauzwa pamoja na turbo. Baadhi ya wauzaji huitoa na kuiuza peke yake.

Umefaulu ikiwa: imepita vipimo vyote. Vinne kati ya vitano haitoshi kwa kifaa hiki.

## Hatua ya 7: Malipo

Fupi tu. Risiti iandikwe namba ya turbo, si "turbo ya Hilux". Muuzaji aweke alama yake ya rangi mbele yako, nawe upige picha. Kubalianeni kwa maandishi siku za kujaribu na kama utarudishiwa pesa au utabadilishiwa. Kama duka liko mji mwingine, omba video ya shafti ikivutwa na kusukumwa, yenye kibao kwenye picha ileile, kabla hujatuma pesa kwa simu.

Ulizia pia bei ya kiini kipya kilichopimwa mzani. Makasha yako yakiwa mazima na turbo ni ya aina isiyo na vibawa, mara nyingi kiini kipya ndani ya makasha yako ni uamuzi bora kuliko mtumba, na swali la kuingia au kutoingia linakwisha palepale.

## Hatua ya 8: Kufunga

1. Safisha nyuso zote za manifoldi na eksozi. Gasketi ya zamani ikibaki kipande, moshi utavuja na turbo itakosa nguvu.
2. Funga turbo kwa gasketi mpya. Usiweke silikoni kwenye tundu la oili, hata kidogo. Ikimeguka inaziba njia ya oili ndani ya turbo.
3. Kabla ya kuunga bomba la oili, mimina oili safi kwenye tundu la kuingizia huku ukizungusha feni kwa kidole, mpaka ijae. Sekunde za kwanza bila oili zinatosha kuikwaruza shafti.
4. Badilisha oili na filta sasa. Si kesho.
5. Kaza bolti kwa kipimo cha kitabu cha injini yako, kwa zamu, mkabala kwa mkabala.
6. Zuia injini isiwake, kisha piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime.

## Hatua ya 9: Kuwasha na kupima

Washa na uache injini ingurume taratibu dakika tatu hadi tano. Usikanyage mafuta. Kagua maungio ya oili na maji kwa tochi. Moshi mweupe au wa bluu dakika za mwanzo, wakati oili ya zamani inaungua kwenye eksozi, usikutishe. Ukiendelea baada ya injini kupata moto na kutembea, rudi kwenye bomba la kurudisha oili kabla ya kuilaumu turbo.

Endesha taratibu kwanza, kisha panda kilima kwa gia ya tatu. Nguvu ije kwa mfululizo bila kukatika. Mluzi mwembamba ni wa kawaida. Mlio kama king'ora unaopanda na kushuka na kasi ya injini ni feni isiyo na mzani: simama, zima, rudisha turbo kwa muuzaji siku za kujaribu zikiwa bado zipo. Sauti ya kupuliza ni paipu au gasketi inayovuja.

Soma kodi tena baada ya mzunguko huo. Siku inayofuata, injini ikiwa baridi, pima oili kwa kijiti, kaza upya klempu za paipu za hewa na uangalie kama kuna umajimaji chini ya turbo. Oili ikishuka kati ya vipimo viwili bila kuonekana inapovuja nje, fungua paipu inayotoka kwenye turbo kwenda intakula na uangalie kama imetuama humo.